Amiba ya Ubongo kwa Watoto: Dhana Potofu na Ukweli

Hofu kubwa ya wazazi ni mtoto kumeza maji ya ziwa au ya bwawa yenye amiba, kiumbe cha seli moja kisichoonekana kwa macho, iitwayo Naegleria fowleri. Ukweli ni kwamba ikimezwa haileti ugonjwa wa ubongo, kwa kuwa njia yake ni pua. Mtoto anaporuka majini au kupiga mbizi, maji husukumwa kwa nguvu hadi juu kabisa ya pua. Hapo amiba huifuata neva ya kunusa, hupenya kwenye matundu madogo ya mfupa unaotenganisha pua na ubongo, kisha huanza kuharibu ubongo wenyewe. Ndiyo maana kubana pua, au kutozamisha kichwa kwenye maji ya vuguvugu yasiyo na chumvi, ni kinga ya kweli.

Wengine hudhani hatari iko mitoni na maziwani tu. Amiba hii, inayostahimili joto la hadi nyuzi 46 za Selsiasi, huweza pia kuishi katika bwawa la kuogelea lenye klorini haba, na hata katika maji ya bomba. Mwaka 2011, watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walifariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba. Maji ya kazi hiyo yachemshwe kwa angalau dakika moja, kisha yapoe.

Ugonjwa hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu.

Dhana ninayoiogopa zaidi ni kwamba hospitali itautambua mara moja. Dalili huanza kati ya siku 1 na 12 baada ya maji kuingia puani, nazo ni homa, maumivu makali ya kichwa, kutapika na shingo kukakamaa, sawasawa na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria. Maji ya uti wa mgongo yakipimwa mara tu yanapotolewa, amiba huonekana zikitembea chini ya hadubini. Yakiwekwa kwenye jokofu, hutulia na kudhaniwa ni seli nyeupe za damu. Basi mzazi amwambie daktari, hata asipoulizwa, kwamba mtoto aliogelea, wapi na lini.

Wala si kweli kwamba hakuna anayepona, ingawa ni wachache mno: kati ya wagonjwa 164 waliojulikana Marekani tangu 1962 hadi 2023, walipona 4. Mmoja wao, msichana wa miaka 12 aliyeugua mwaka 2013, alitambuliwa mapema, akapewa dawa kadhaa ikiwemo miltefosini, na mwili wake ukapozwa ili kupunguza uvimbe wa ubongo.