Shabaha ya maikro-RNA: maabara huijuaje?

Kimulimuli ambaye watoto wa Wete humkamata wakati wa magharibi na kumtia katika chupa, jamaa yake wa Marekani kazi amepata maabara. Protini inayomng'arisha, lusiferesi, hutumika kujua maikro-RNA fulani inaizima jeni gani.

Jeni ikitaka kutengeneza protini hutoa nakala yake, RNA mjumbe. Maikro-RNA ni kipande kifupi mno cha RNA, herufi (yaani viungo vya kemikali vinavyoiunda) kama 22 hivi. Hujibandika kwenye mkia wa mjumbe, naye akavunjwa au asisomwe, na protini ikapungua. Jeni iliyonyamazishwa hivyo ndiyo shabaha. Ya kwanza kujulikana ni lin-14 ya mnyoo mdogo, mwaka 1993; wagunduzi, Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakapata Nobel 2024.

Tabu ni kwamba kinachoshika hasa ni herufi chache, ya pili hadi ya nane, ziitwazo mbegu. Herufi saba utazikuta kila pahala, kwa hiyo kompyuta ukiiuliza hukumwagia mamia ya jeni. Orodha hiyo kwangu ni sawa na mzee wa forodhani anayesema "leo samaki wapo". Pengine. Tia dema kwanza.

Dema lenyewe ni hili: ndani ya seli maikro-RNA hubebwa na protini ya Agonoti. Seli humulikwa kwa miale ya urujuanimno, Agonoti na RNA zilizo mikononi mwake zikagandana. Kisha Agonoti huvuliwa kwa kingamwili, na RNA hizo zikasomwa. Samaki anatoka na chambo mdomoni. Lakini kushikwa si kuzimwa.

Hapo ndipo anapoitwa kimulimuli. Mkia unaoshukiwa huungwa na jeni ya lusiferesi, ukatiwa katika seli pamoja na maikro-RNA. Mwanga ukififia, wengi hushangilia mapema mno: seli zikidhoofika tu mwanga nao hupungua. Ndiyo maana hutiwa pia lusiferesi ya pili ya kulinganishia, mara nyingi ya Renilla, mnyama wa baharini. Halafu herufi mbili tatu za mkia hubadilishwa pale mbegu inapokaa. Mwanga ukirudi, basi maikro-RNA ilishika pale pale. Usiporudi, umeisingizia maikro-RNA.

Na kwa vile maikro-RNA ya jaribio hili humiminwa kwa wingi kuliko kawaida, hufuata kuizuia ile ya seli yenyewe na kupima kama protini halisi itaongezeka.