Komediani hana deni la kukuchekesha

Juzi kwenye dote (sherehe ya mahari) ya kaka yetu mmoja hapa Lubum, yaani Lubumbashi, dada yangu mdogo, mtoto wa baba mdogo, alisimama kusalimia wakwe, mjomba mwenye maiki akamtangaza: "Huyu anasoma teatre kule Kinshasa, njo komediani wetu, haya mama, tuchekeshe kidogo!" Makofi, halafu kimya, watu wote wanangoja. Mtoto akatoa tabasamu moja tamu, akakaa. Baadaye nikamsikia shangazi fulani ananong'ona eti minervali (ada ya masomo) ya miaka yote hiyo na hata kichekesho kimoja hajui. Sijui ni mara ya ngapi nasikia maneno haya, leo acha niandike.

Kwa haraka: komediani kwa Kifaransa, ambako sisi ndiko tulikolichukua hili neno, ni mwigizaji wa jukwaani. Basi. Awe anacheza mfalme, kichaa, maiti, mjane, ni komediani. Yule anayesimama peke yake na maiki kuvunja watu mbavu wanamwita umoristi. Wa sinema mara nyingi ni akteri, ingawa hapo hata wenyewe wanachanganya.

Sasa fujo ilitoka wapi? Waingereza nao wana comedian yao na kwao ni mchekeshaji kweli. Sisi Kasumbalesa iko hapo tu, ukivuka umeingia Zambia na Kiingereza chake, na simu kila asubuhi inatuletea video za wachekeshaji wa Nairobi na Kampala, kwa hiyo maneno mawili yameingia mdomoni mwetu kwa sauti ileile, na ya Kiingereza imemnyang'anya mwenzake kiti.

Ukirudi nyuma kabisa, kwa Wagiriki, neno lilitoka kwa komos, yaani kundi la watu wa sherehe wamelewa wanapita wanaimba, ukaongeza ode, wimbo. (Tragedia nayo ni wimbo wa mbuzi, mbuzi gani usiniulize, wasomi bado wanagombana.) Kwa hiyo mwanzoni kicheko kilikuwemo, hilo nawapa. Lakini Wafaransa walilipanua neno mpaka likabeba mchezo wowote wa jukwaani. Ile nyumba yao kubwa ya teatre kule Paris, Comédie-Française, iliundwa mwaka 1680 kwa amri ya mfalme Louis XIV, na mchezo waliofungulia ulikuwa Phèdre ya Racine: mke wa mfalme anampenda mtoto wa mume wake, kijana anasingiziwa, anakufa, mama anakunywa sumu. Niambie hapo unacheka wapi. Na wote waliocheza siku ile ni makomediani.

Halafu kuna Diderot, mwandishi na mwanafalsafa Mfaransa, aliyeandika kitabu kizima juu ya komediani, neno lenyewe liko kwenye jina la kitabu, kikatoka 1830 wakati mwenyewe amekufa tangu 1784. Hoja yake: mwigizaji mkubwa ni yule anayeliza ukumbi mzima huku kichwa chake kimetulia, anajua machozi yatoke kwenye neno gani. Hiyo ndiyo kazi anayosomea huyu mtoto wetu: pumzi, sauti, kutamka, mwili, kuongoza mchezo, mambo ya taa, historia. Kuchekesha kumo humo ndani pia, na ni kugumu, ila ni chumba kimoja kwenye parseli nzima.

Nakubali sisi watu wa Lubumbashi tuna kisingizio. Teatre iliyotulea, redioni na kwenye televisheni, ni ya kundi la Mufwankolo kwa Kiswahili chetu hiki hiki, na tulicheka sana. Lakini hata wale, mwaka 1986 walicheza mchezo mzima juu ya ule msemo wa madaraka kuliwa mazima bila kugawana na mtu, na hicho si kichekesho, muulize yeyote aliyewahi kuwa na chifu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba maana ya zamani tunayo tayari. Mtoto akijitupa chini analia bila machozi juu amenyimwa beinye (andazi), mama yake anamwambia nini? "Acha komedi!" Hakuna aliyechekeshwa hapo. Mama anasema unaigiza, nimekuona.

Kwa hiyo mjomba wangu, kwa heshima zote, siku nyingine sema tu ni mwigizaji, ama umwite komediani, jina ni lake, ila ukishalitaja usimsimamie na maiki ukingoja kicheko. Na shangazi, lile tabasamu alilotoa kabla ya kukaa, ambalo nyote mliliamini, alikuwa kazini.