Amri ya Rais wa Marekani: inapata wapi nguvu?

Ukimsikia mtu akisema "Rais wa Marekani kapitisha sheria mpya leo asubuhi", msahihishe kwa upole. Rais wa Marekani hapitishi sheria. Sheria hupitishwa na Bunge lao, Kongresi, lenye mabaraza mawili, kisha humfikia Rais aisaini au aikatae. Ile karatasi anayoisaini peke yake mezani, kamera zikimulika na waliomzunguka wakipiga makofi, ni kitu kingine. Inaitwa amri ya rais, au kwa wanaopenda urasmi, amri ya kiutendaji.

Amri ya rais ni maelekezo ya maandishi ya mkuu wa serikali kwa watu walio chini yake: mawaziri, wakuu wa wakala, makamanda wa jeshi, maofisa wa forodha. Kwa kawaida haimwamrishi mwenye duka wa Chicago. Humwamrisha ofisa, na ofisa ndiye mwenye mkono wa kumfikia mwenye duka. Kwa hiyo hata amri inayotikisa dunia nzima, ukiisoma maandishi yake, utakuta kwa sehemu kubwa ni bosi anawaandikia wafanyakazi: waziri wa biashara afanye hivi, waziri wa fedha alete ripoti baada ya siku kadhaa.

Katiba ya Marekani haina kifungu kinachotaja amri hizi kwa jina. Inampa Rais madaraka ya utendaji na kumtaka ahakikishe sheria zinatekelezwa ipasavyo, basi. Desturi ikajijenga juu ya maneno hayo machache. George Washington alitoa 8 tu. Franklin Roosevelt, aliyeongoza miaka 12 ya mdororo wa uchumi na vita, alitoa zaidi ya 3,700. Donald Trump aliporudi Ikulu tarehe 20 Januari 2025 alisaini 26 siku hiyohiyo. Lakini wingi hautuambii mengi. Amri moja inaweza kuwa ya kuwapa watumishi wa serikali mapumziko ya mkesha wa Krismasi, na nyingine ikawa namba 9066 ya mwaka 1942, iliyofungua njia ya kuwahamisha watu wenye asili ya Japani zaidi ya laki moja na kuwaweka kambini.

Sasa tuje kwenye kiini. Wanasheria wetu wana msemo mzuri: sheria mama. Waziri akitunga kanuni, lazima azitunge chini ya sheria mama iliyopitishwa na Bunge. Ikikosekana, kanuni hizo ni yatima, na yatima huyo hana wa kumtetea mahakamani. Amri ya rais wa Marekani ndivyo ilivyo. Ama isimame juu ya sheria ya Kongresi, ama juu ya madaraka ambayo Katiba yenyewe imempa Rais, kama uamiri jeshi mkuu. Ndiyo maana nyingi huanza kwa maneno ya aina moja: kwa mamlaka niliyopewa na Katiba na sheria za Marekani. Mara nyingi hufuata majina ya sheria zenyewe. Watu huruka mstari huo wakimbilie uhondo ulio chini yake, na mimi naona hapo ndipo wanapopoteza mjadala kabla haujaanza. Mmoja anasema Rais ni dikteta, mwingine anasema ni mtu wa vitendo, na hakuna aliyeuliza sheria mama ni ipi.

Kesi inayofundisha somo hili kuliko zote ni ya mwaka 1952. Marekani ilikuwa vitani Korea, na wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa karibu kugoma. Rais Harry Truman aliona chuma kikikatika, silaha zitakatika. Tarehe 8 Aprili akatoa amri ya kumwelekeza Waziri wa Biashara, Charles Sawyer, avitwae viwanda hivyo na kuviendesha kwa niaba ya serikali. Wenye viwanda wakakimbilia mahakamani. Tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu, majaji 6 kwa 3, ikamwambia Truman arudishe mali ya watu: hakuna sheria iliyompa uwezo huo, na kuwa amiri jeshi mkuu hakumfanyi kuwa bosi wa kila kiwanda nchini. Viwanda vikarudi kwa wenyewe, na mgomo aliouogopa ukaja, ukadumu zaidi ya siku 50.

Katika kesi hiyo Jaji Robert Jackson aliandika maoni yake ya pembeni, na leo hayo ndiyo yanayonukuliwa kuliko hukumu yenyewe. Alisema madaraka ya Rais yana ngazi tatu. Akitenda kwa idhini ya Kongresi, yuko kileleni, maana ana nguvu zake na za Kongresi pamoja. Kongresi ikiwa kimya, yuko kwenye ukungu, na hapo hali ya mambo ndiyo itakayoamua. Akitenda kinyume na matakwa ya Kongresi, yuko chini kabisa, amebaki na nguvu zake mwenyewe ukitoa za Kongresi. Truman alikuwa ngazi ya chini. Miaka mitano kabla, wakati wa kutunga sheria ya migogoro ya kazi, Kongresi ilikuwa imepewa pendekezo la kuruhusu serikali itwae viwanda, nayo ikalikataa.

Ukishika ngazi hizo tatu, ugomvi wa ushuru utausoma kwa macho mengine.

Ushuru wa forodha ni kodi. Hailipwi na China wala na Ujerumani. Hulipwa na mwagizaji wa Marekani pale mzigo wake unapoingia, kisha yeye na muuzaji wake na mteja wake wanajuana nani ataubeba. Na Katiba yao imeuweka uwezo wa kutoza kodi na ushuru mikononi mwa Kongresi, kwenye Ibara ya kwanza. Kwa zaidi ya karne moja Kongresi ilipanga viwango hivyo yenyewe, kila mbunge akivutia kiwanda cha kwao, hadi ikatoka ile sheria ya mwaka 1930 iliyopandisha ushuru wa bidhaa nyingi huku dunia ikiwa imeshaanza kudorora. Mwaka 1934 Kongresi ikaanza kumwazima Rais sehemu ya uwezo huo ili ajadiliane na nchi nyingine. Naandika kumwazima makusudi, kwa sababu kila mkopo ulikuja na masharti yake. Sheria ya mwaka 1962 inamruhusu kutoza kwa ajili ya usalama wa taifa, lakini Wizara ya Biashara ichunguze kwanza. Kwa mlango huo chuma cha kigeni kilitozwa asilimia 25 mwaka 2018 na kufikia 50 Juni 2025. Sheria ya mwaka 1974 ina kifungu cha nchi zinazofanya biashara isiyo ya haki, nacho kinataka uchunguzi. Ina kingine, cha 122, kisichohitaji uchunguzi mrefu, lakini kina kikomo cha asilimia 15 na siku 150.

Mwaka 2025, kwa ushuru wake mpana zaidi, Trump aliiacha milango hiyo yenye vizingiti akaenda kwenye sheria ya mwaka 1977 ya hali ya dharura ya kiuchumi. Ni sheria ambayo marais wameitumia kwa miongo mingi kuwawekea watu na nchi vikwazo, kuzuia fedha zao benki, kukataza kufanya nao biashara. Inamruhusu Rais, akishatangaza dharura, kudhibiti uagizaji wa bidhaa. Neno ushuru halimo. Kabla yake hakuna rais aliyewahi kuitumia kutoza ushuru. Kwa sheria hiyo, tarehe 2 Aprili 2025, akatangaza ushuru wa angalau asilimia 10 kwa karibu kila nchi, Kenya na Tanzania zikiwemo, na zaidi ya hapo kwa nchi kadhaa. Siku chache baadaye akausimamisha ule wa juu kwa siku 90, huku wa China ukipanda hadi kufikia jumla ya asilimia 145.

Waliokwenda kushtaki hawakuwa matajiri wakubwa. Mmoja ni mwagizaji wa mvinyo wa New York. Mwingine ni kampuni ya Illinois inayouza vifaa vya watoto vya kuchezea na kujifunzia. Hoja yao haikuwa kwamba ushuru ni mbaya. Walisema kudhibiti si kutoza kodi. Serikali ikajibu kwamba ushuru ni njia mojawapo ya kudhibiti, na kwamba hata Richard Nixon mwaka 1971 aliongeza ushuru wa asilimia 10 na mahakama ikamkubalia kwa maneno yanayofanana na hayo katika sheria ya zamani zaidi. Mahakama za chini ziliwaunga mkono waagizaji, na Februari 2026 Mahakama ya Juu, majaji 6 kwa 3, ikasema sheria ya dharura haimpi Rais uwezo wa kutoza ushuru. Jibu la Trump likawa kuvuta kile kifungu cha 122, chenye asilimia 15 zake na siku 150 zake. Ushuru haukuisha, ulibadilisha sheria mama.

Nisieleweke vibaya. Swali la kama ushuru unafaa ni swali halali, na lina majibu ya pande zote. Anayeutetea atakuambia viwanda vilihama, miji ikabaki magofu, na nchi isiyoyeyusha chuma chake haiwezi kujilinda. Anayeupinga atakuonyesha mashine za kufulia. Mwanzoni mwa 2018 zilipowekewa ushuru, bei yake ilipanda kwa kama asilimia 12, na mashine za kukaushia nguo, ambazo hazikutozwa chochote, nazo zikapanda, kwa sababu watu huzinunua mbili pamoja na wenye maduka waliijua nafasi hiyo. Viwanda vya mashine hizo vilipata ajira mpya, ndiyo, kama 1,800. Mtu apime mwenyewe. Lakini hayo ni mabishano ya sera. Nani ana haki ya kuiamua sera hiyo ni mabishano mengine, na kuyachanganya ndiko kunakofanya watu wakeshe wakibishana bila kukutana.

Kulegeza kanuni nako kuna mtego wake. Hapa tutenganishe sheria na kanuni: Kongresi inatunga sheria inayosema hewa iwe safi, wakala wa serikali anatunga kanuni inayosema bomba la kiwanda litoe moshi kiasi gani. Marais wa chama cha Republican kwa muda mrefu wamelalamika kwamba kanuni zimekuwa nyingi kama utitiri na zinamkaba mfanyabiashara. Januari 2017 Trump alitoa amri kwamba kila kanuni mpya ifute mbili za zamani. Januari 2025 akapandisha: kwa moja mpya, kumi ziondoke. Ukisikia hivyo utadhani kanuni zinafutwa kwa kalamu jioni ileile. Hazifutwi. Kwa sheria ya mwaka 1946, kanuni iliyotungwa kwa kuutangazia umma na kupokea maoni, kwa kawaida huondolewa kwa njia hiyohiyo, na sababu zitolewe.

Serikali ya Ronald Reagan ilijifunza hilo kwa magari. Mwaka 1981 iliondoa kanuni iliyowataka watengenezaji waweke mikanda inayojifunga yenyewe au mifuko ya hewa. Kampuni za bima, ambazo ndizo hulipa ajali zikitokea, zikashtaki. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikasema kuondoa kanuni ni uamuzi kama uamuzi wa kuiweka. Huwezi kuifuta bila kueleza kwa nini, na wakala hata hakuwa amejisumbua kufikiria kubakiza mifuko ya hewa peke yake. Mifuko hiyo leo iko kwenye karibu kila gari linaloshuka bandari ya Dar es Salaam au Mombasa.

Na kwa kuwa amri huandikwa na mtu mmoja, mtu mmoja huifuta. Joe Biden aliifuta ile ya mbili kwa moja siku yake ya kwanza ofisini. Mfano unaotugusa zaidi ni sera inayozuia fedha za misaada ya Marekani kwa mashirika ya kigeni yanayotoa huduma ya utoaji mimba au kuitetea. Ilianza na Reagan mwaka 1984, Clinton akaifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha 2025. Baadhi ya kliniki za uzazi wa mpango hapa Afrika zimeishi kwa kalenda ya uchaguzi wa nchi nyingine. Jambo likibaki kwenye amri bila kuwa sheria, ndio umri wake.

Kuna pia hati iitwayo tangazo la rais, ndugu wa amri, na biashara za nje mara nyingi hupitia humo. Wanyarwanda wanaijua. Nchi za Afrika Mashariki zilipotaka kuondoa mitumba ili viwanda vyao vya nguo vipumue, Rwanda mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, Rwanda ikakataa. Mwishoni mwa Julai 2018 likatoka tangazo la Trump kusimamisha nafasi ya Rwanda kuuza nguo Marekani bila ushuru chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa kuzipokea bidhaa za nchi za Afrika bila ushuru. Hapo hapakuwa na mjadala wa sheria ya dharura wala wa neno kudhibiti. AGOA ni sheria ya Kongresi ya mwaka 2000, na ndani yake imeandikwa kwamba Rais ndiye atakayepima kila mwaka nani anastahili kubaki na nani aondolewe. Shati lililoshonwa Kigali likaanza kulipa ushuru kama shati lingine lolote, kwa saini moja, na saini hiyo ilikuwa na mama yake.