Mshauri wa Mtandaoni Akikuuliza Uko Wapi, Mjibu

Katika kitengo chetu cha afya ya akili hapa Tanga, swali linalowafanya watu wakate simu halihusu unga (heroini) wala pombe. Ni hili: "Hivi sasa uko wapi, na nani yuko karibu nawe?" Mtu ametafuta ushauri nasaha kwa simu kusudi asijulikane, mara anaulizwa mtaa. Anahisi mtego. Namwelewa kabisa. Lakini mshauri asiyeuliza hivyo siku ya kwanza, mimi nisingemkabidhi mdogo wangu.

Mtu akija ofisini anatetemeka, nitamshika mkono nimpeleke wodini. Kwenye simu mkono huo sina. Nikijua yuko Makorora na dada yake analala chumba cha pili, ninaye wa kumwamsha. Basi taja mtaa, toa namba ya mtu mmoja unayemwamini, kisha nawe muulize mshauri: namba hii utaitumia lini, na nani mwingine ataiona? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo kuuliza ni haki yako. Muulize pia amesomea wapi na nani anamsimamia. Mwenye taaluma yake hakasiriki.

Kwa sonona na wasiwasi uliopitiliza, mazungumzo ya mbali yanasaidia kweli, na mkazi wa Kilindi anaokoa nauli na siku nzima ya shamba. Mara nyingi tunaanza na maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, kujiona hufai kitu. La tisa linahusu mawazo ya kujiua. Hapo nakuomba usinifiche. Kuulizwa hakumtii mtu wazo hilo kichwani, na ukijibu kweli ndipo ninapojua kama tuendelee kuongea au nikutafutie msaada usiku huo huo.

Kazi yenyewe unaifanya simu ikishakatwa. Utaandika wazo lililokuamsha saa tisa usiku, tulipime pamoja: lina ushahidi gani? Mwenye sonona tunampangia jambo dogo, labda kutembea hadi Raskazone na kurudi, hata kama moyo hautaki. Akisubiri hamu ije kwanza, atasubiri sana. Kwa ugonjwa huu hamu huja nyuma ya tendo.

Faragha ni taabu. Nyumba nyingi za kupanga hazina dari, maneno yanapita juu ya ukuta. Kama ndivyo kwako, tuandikiane badala ya kuongea, kisha ufute ujumbe, hasa kama simu mnaitumia wawili.

Kwenye uraibu lazima niseme wazi simu inapofika mwisho. Anayekunywa pombe kila siku, iwe bia au gongo, akiacha ghafla anaweza kuanguka kama mwenye kifafa ndani ya siku mbili. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo inaua. Watu wa nyumbani wakidhani ni majini, wanapoteza saa za kumwokoa. Apelekwe hospitali, na vidonge vya usingizi alivyozoea kwa muda mrefu navyo asiviache kwa siku moja.

Arosto ya unga, yaani maumivu ya mwili ukiukosa, inatesa sana, lakini mimi naogopa zaidi wiki zinazofuata. Mwili uliopumzika ukipewa kiasi kile kile cha zamani, pumzi zinaweza kusimama. Methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga, ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, na hapa kwetu kliniki iko hospitali ya Bombo. Kwa kawaida dozi inanywewa mbele ya mhudumu, siku kwa siku; hakuna programu ya simu itakayoichukua nafasi hiyo. Methadoni inatuliza arosto. Lakini saa kumi jioni, maskani wanapokuita na huna kazi ya kufanya, ndipo mshauri wa kwenye simu anapokuwa na thamani kubwa.

Mkubaliane mapema pia bando likikatika nani ampigie mwenzake. Mimi husubiri dakika tano, kisha napiga. Nikikukosa mara tatu, nampigia yule uliyenipa namba yake.