Programu ya kubahatisha haimjui mtu wa Kibirizi

Nimeletewa tena muswada wa katuni. Hadithi inatokea mwaloni Kibirizi, Kigoma, boti za Ziwa Tanganyika zinaposhusha samaki, mlinzi ni Mmasai, mwenye duka ni Mchaga, mganga katoka Sumbawanga. Nikauliza, kulikoni? Jibu ni lilelile: "Kaka, nimetumia programu ya kubahatisha, kila mtu kapata nafasi yake." Jamani! Programu inachota sifa za wahusika kwa bahati nasibu kwenye orodha uliyoijaza wewe, na wewe umeijaza utani wa kijiweni.

Hesabu ya kupata wahusika kwa dadu niipitie haraka. Jedwali la mistari sita na dadu moja linampa kila mhusika nafasi sawa, na mwalo hauko hivyo. Rusha dadu mbili, jumlisha. Saba hutoka kwa njia 6 kati ya 36, mbili kwa njia 1 tu. Wanaoonekana kila siku waweke kwenye 7, wa nadra kwenye 2 na 12. Imeisha hiyo.

Sasa kinachoniudhi: uzani huo, yaani nani ni wa kila siku na nani wa nadra, unautoa wapi? Umri na jinsia, sawa, Sensa ya 2022 inavyo kwa kila mkoa. Kabila na dini sensa yetu haijauliza tangu 1967. Anayekuja na asilimia za Waha, Wamanyema na Wabembe wa Kigoma mjini kazitunga. Zangu ni za macho, tena macho ya mkazi wa Mwanga ya hapa Kigoma mjini. Wa Ujiji angepanga vingine, na wa Kasulu, jirani na kambi ya Nyarugusu, asingewasahau Wakongo na Warundi.

Halafu watu wanarusha kila sifa peke yake, kana kwamba hazijuani. Kazi, umri, dini na lugha ya nyumbani hushikana. Lakini ukizikaza mno, umerudi kwa Mmasai wako mlinzi. Mimi huacha dadu ikate uzi mmoja tu, yaani sifa moja isifuate mazoea, kisha nakaa na huyo mtu mpaka anieleze anaishije.

Mfano: dadu imeleta mama wa miaka 52, Mmanyema, kiziwi, mwenye boti mbili za dagaa. Mwenzangu akadakia: "Kiziwi atapatanaje bei?" Swali zuri. Alfajiri boti zinaingia, injini zinanguruma, wachuuzi wanagombania beseni, na kila mtu anaonyesha bei kwa vidole. Hapo mama hajapungukiwa na kitu. Kasheshe ni kikao cha BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo: mwenyekiti anasoma huku kainamia daftari, mkalimani wa alama hakuna, na mchango wa boti unapandishwa mama akiwa amekaa palepale. Hadithi iko kwenye kikao hicho. Dadu ilitoa sifa tu, kikao nimekitafuta mwenyewe.

Akili mnemba? Inafaa kukuhesabia, kuumba watu usiiachie. Zana ninayoiamini ni jedwali la baada ya rasimu ya kwanza: nani anaongea na nani, nani anaamua, nani anakufa. Mara nyingi mwenye ulemavu yumo, anahurumiwa ukurasa wa 3, anazikwa wa 9. Wanawake wamejaa, na wote wanamzungumzia nahodha.

Nisichokuwa na uhakika nacho ni safu ya kabila kwenye jedwali langu la dadu. Wengi tumelelewa kwamba kumuuliza mtu kabila lake ni utovu wa adabu, na jina au lafudhi vinatosha. Ila nikiifuta safu hiyo, wahusika wangu wote wanaanza kuongea kama wamezaliwa Kariakoo. Basi ninaibakiza kwenye jedwali hilo, kwenye katuni haionekani. Ya dini nimeifuta na kuirudisha mara kibao. Imerudi tena kwa sababu ya kurasa za Ramadhani: boti iko ziwani usiku, taa zinawaka, na lazima nijue nani kwenye boti ile anafungua chombo cha daku na nani anaendelea kuvuta wavu.