Mtoto Akitoka Thieta: Asubuhi ya Njaa, Kuamka, na Usiku wa Kwanza Nyumbani

Simu nyingi zinazoingia wodini kwetu baada ya giza kuingia haziulizi kidonda. Zinauliza dawa. “Sista, analia, lakini mchana si nilimpa dawa ya maumivu? Nikimpa tena si nitamzidishia?” Ukimuuliza mchana saa ngapi, anasema saa 6. Wakati huo ni saa 3 usiku. Mtoto wa miaka 2 aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri asubuhi amekaa saa 9 bila dawa, na aliyemnyima ni mama anayempenda kuliko nafsi yake.

Upasuaji wa ngiri ya mtoto, usipokuwa na matatizo, kwa kawaida hauzidi saa 1. Asubuhi ya kukaa na njaa, dakika za kuamka na siku zote zinazofuata humwangukia mzazi, na mara nyingi tunampa karatasi moja ya maelezo wakati akili yake iko kwa mtoto. Haya ndiyo ningependa ayasikie mapema, akiwa ametulia.

Njaa ya asubuhi

Kabla ya nusu kaputi tumbo linatakiwa liwe tupu. Dawa ya usingizi hulegeza mwili na kuzima kile kikohozi kinachotuokoa kitu kinapopotea njia kooni. Chakula kikipanda kutoka tumboni wakati huo kinaweza kuingia mapafuni. Ndiyo maana hospitali nyingi hufuata hesabu ya 6-4-2: saa 6 tangu chakula cha mwisho, saa 4 tangu mtoto aliponyonya mara ya mwisho, saa 2 tangu alipokunywa maji. Maziwa ya kopo na ya ng'ombe yamo kwenye saa 6 pamoja na chakula, kwa sababu hukaa tumboni muda mrefu kuliko maziwa ya mama. Hospitali yako ikikupa saa tofauti na hizi, fuata za hospitali.

Kosa la kwanza linajulikana: biskuti iliyopitishwa chini kwa chini na bibi aliyeshindwa kuvumilia kilio. Ikitokea, tuambie. Hatutamgombeza mtu. Tutasogeza saa au siku, basi.

Kosa la pili halizungumzwi sana, nalo ni kumfungisha mtoto tangu jioni “ili tuwe salama zaidi.” Mtoto mdogo hana akiba kubwa ya sukari wala maji mwilini, na kukaa kavu saa 12 hakumwongezei usalama wowote. Akipangiwa saa 2 asubuhi, amka umnyonyeshe kabla ya saa 10 alfajiri, na anayekunywa maji anaweza kunywa mpaka saa 12 asubuhi. Ukiona ratiba ya thieta inachelewa, uliza kama anaweza kupewa maji. Ni swali la haki kabisa, na wauguzi wenye shughuli nyingi huwa tunalihitaji.

Jambo jingine la kusema mapema ni mafua. Kikohozi, homa au kamasi nzito katika wiki chache zilizopita hufanya njia ya hewa iwe nyepesi kukasirika chini ya usingizi. Upasuaji usio wa dharura unaweza kuahirishwa kwa wiki kadhaa, na mzazi anayeficha mafua kwa kuogopa kupoteza nafasi yake humwongezea mwanawe hatari.

Mwambie ukweli, kwa kiasi chake

Mtoto wa miaka 2 au 3 aambiwe siku moja kabla, kwa maneno machache. Wa miaka 5 anaweza kuambiwa siku kadhaa kabla ili apate muda wa kuuliza. Watoto wa umri huo huamini kirahisi kwamba ugonjwa ni adhabu, kwa hiyo mwambie waziwazi kwamba hajakosea kitu. Kile kitisho cha “ukilia daktari atakudunga sindano” nakiomba kife katika kila nyumba, maana sisi ndio tunaokuja kulipa deni lake.

Usimwahidi kwamba hakuna kitakachouma. Mwambie kuna kitu kitachoma kidogo, na wewe utakuwepo. Kuhusu usingizi, sema ni usingizi wa hospitali, tofauti na wa nyumbani: kuna mtaalamu anayekaa naye muda wote na kumwamsha kazi ikiisha. Asipoelezwa hivyo, wapo watoto wanaokataa kulala usiku wiki nzima, wakihofia watakatwa tena.

Akiamka hakutambui

Hakuna kinachowavunja wazazi moyo kama nusu saa ya kwanza. Unaitwa chumba cha uangalizi ukitarajia kukumbatiwa, unamkuta mtoto akipiga mateke, akikusukuma, akikutazama kama mgeni. Hali hii hutokea zaidi kwa watoto wa miaka 2 hadi 5, na husababishwa na ubongo kuamka vipande vipande kutoka kwenye dawa ya usingizi. Kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya nusu saa hivi, na mtoto hakumbuki. Kazi yako ni kuongea naye kwa sauti ya chini na kumsaidia muuguzi kuulinda mpira wa dripu usichomolewe. Sauti ya kukwaruza kidogo na kutapika mara moja au mbili ni mambo ya kawaida siku hiyo.

Baadhi ya wazazi hutuuliza kama wanatusumbua kwa kukaa kitandani pa mtoto. Zamani jibu lilikuwa ndiyo. Katika hospitali nyingi za Ulaya mzazi alipangiwa saa chache tu za kumwona mwanawe, na mtoto aliyeacha kulia baada ya siku kadhaa aliandikwa kwamba ametulia, kumbe amekata tamaa. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Harry Platt nchini Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote na mama wa watoto wadogo walale nao hospitalini. Kwa hiyo kaa. Wewe ndiye unayejua kilio chake cha njaa na kilio chake cha kuumwa.

Wanaozaliwa njiti wana kanuni yao. Ambaye hajafikisha takriban wiki 60, ukihesabu wiki za mimba pamoja na umri wake, anaweza kusahau kupumua kwa sekunde kadhaa baada ya nusu kaputi. Huyo hulazwa usiku kucha akiwa kwenye mashine ya kumfuatilia, hata kama operesheni ilikuwa ndogo.

Maumivu ya asiyejua kusema

Nirudi kwenye ile simu. Mpaka miaka ya 1980 wapo madaktari walioamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama sisi, na watoto walipasuliwa wakiwa wamelegezwa misuli tu, wakipewa dawa kidogo sana ya kuzima maumivu. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Lancet ulioonyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji mwili wao ulihimili vizuri zaidi na walipata matatizo machache. Sayansi imeshabadilika. Hofu ya dawa nyumbani haijabadilika sana.

Wodini tunapima maumivu ya mtoto asiyejua kusema kwa kutazama vitu vitano: uso, miguu, mwili unavyojinyonganyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja kinapewa 0 hadi 2, na jumla haizidi 10. Nyumbani huhitaji alama, lakini macho yale yale yatakusaidia. Jihadhari zaidi na mtoto aliyenyamaza, aliyelala bila kujigeuza, asiyetaka kuchezea kitu chochote. Wengi huumia kimya.

Parasetamoli kwa kawaida hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi dozi 4 ndani ya saa 24. Aliye chini ya miezi 3 apewe tu kwa maelekezo ya daktari. Siku ya kwanza na ya pili toa kwa saa zake bila kungoja alie, kwa sababu maumivu yaliyokwishapanda ni magumu kuyashusha. Soma chupa kabla ya kupima: kuna dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 na nyingine yenye 250. Mtoto wa kilo 10, anayehitaji miligramu 150, atapewa mililita 6.25 ya ile ya kwanza lakini 3 tu ya ile ya pili. Tumia bomba la kupimia, kwa maana vijiko vya nyumbani havilingani. Kila dozi iandikie saa kwenye karatasi, hasa kama mnapokezana na baba au shangazi. Aspirini usimpe mtoto kabisa, na kodeini isitolewe kwa aliye chini ya miaka 12, hata kama imebaki kabatini kutoka kwa mtu mzima.

Kidonda, na mambo ya kukukimbiza hospitali

Kidonda kikae kikavu siku mbili za kwanza, au kama ulivyoelekezwa, na usikipake kitu ambacho hukuandikiwa. Nyuzi nyingi za watoto huyeyuka zenyewe. Mvulana aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri anaweza kuvimba korodani na kupata rangi ya bluu kwa siku kadhaa. Inatisha kuitazama, ila hupungua taratibu. Siku ya pili pengine atataka kukimbia. Mwache atembee, mzuie kupanda baiskeli na kurukia vitanda mpaka arudi kliniki.

Mrudishe hospitali bila kusubiri asubuhi akipumua kwa shida, akiwa mgumu kuamshwa, akitapika mfululizo au akitapika rangi ya kijani, akikaa saa 8 bila kukojoa, kidonda kikivuja damu isiyokoma, kikifunguka au kikitoa usaha, wekundu ukitambaa kuzunguka mshono, au joto likifika nyuzi 38 na kuendelea.

Aliyetolewa mafindofindo ana hadhari ya ziada. Utando mweupe kooni ni kidonda kinachopona na harufu mbaya ya mdomo ni ya kawaida. Ila damu inaweza kuja kwa kuchelewa, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati nyumba nzima imeshasahau. Tone lolote la damu mbichi ni safari ya hospitali. Usiku msikilize: mtoto anayemezameza akiwa usingizini huenda anameza damu.

Wengine hurudi nyuma kidogo: aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, aliyelala peke yake anakung'ang'ania. Kwa wengi huisha ndani ya wiki chache bila kumkaripia. Akimlaza mdoli, akamfunga kitambaa tumboni na kumdunga kwa kalamu, msimkataze. Kaa kando yake, umshikie mdoli mkono.