Likizo ya Aprili haiponyi uchovu wa Agosti

Kwenye kampuni za utalii Arusha kuna imani ya siku nyingi: dereva akichoka kupindukia Julai hadi Septemba, atapona mvua za masika zikifunga msimu. Sivyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu huu kuwa matokeo ya msongo wa kazini usioshughulikiwa: nguvu kuisha, kuichukia kazi, ufanisi kushuka. Likizo humpumzisha mtu, lakini ratiba iliyomchosha inamsubiri palepale.

Basi wenye kampuni, anzeni na ratiba. Sheria ya ajira inataka mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Siku ya kuosha gari na kununua vyakula vya safari inayofuata ni siku ya kazi. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Simu za wageni za usiku zipokewe kwa zamu.

Dereva akizungumzia kufa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, Mount Meru au KCMC kule Moshi. Daktari akimwandikia cheti, ana haki ya likizo ya ugonjwa: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 nyingine kwa nusu.